Intel na haraka yetu ya kuhukumu

Kampuni kubwa ikishatuhumiwa kuwabana wenzake sokoni, mitandaoni hukumu hutoka siku hiyohiyo. Mimi najizuia, wala si kwa kuyapenda makampuni makubwa. Naikumbuka tu kesi ya Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta.

Mei 2009 Tume ya Ulaya iliipiga Intel faini ya euro bilioni 1.06. Ilidaiwa kwamba watengenezaji wa kompyuta kama Dell na HP walipewa punguzo la bei kwa sharti la kununua chipu zote, au karibu zote, kwa Intel, ili AMD, mshindani wake katika chipu, akose pa kuuzia. Mwaka huohuo Intel ikailipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza ugomvi wao. Hapo nani angebisha? Asiye na kosa atoe fedha zote hizo za nini?

Mwaka 2014 mahakama ikaiunga mkono Tume. Mwaka 2017 mahakama ya juu zaidi ikairudisha kesi chini. Mwaka 2022 faini yote ikafutwa: Tume haikuthibitisha ipasavyo kwamba mapunguzo yale yangeweza kumtoa sokoni mshindani mwenye ufanisi kama wa Intel. Oktoba 2024 ndipo Tume iliposhindwa rufaa ya mwisho. Zaidi ya miaka 15!

Ila anayesema Intel ilitoka safi naye hajasoma. Kuna tuhuma moja ambayo haikuanguka: Intel iliwalipa HP, Acer na Lenovo ili wacheleweshe au wabane uuzaji wa kompyuta zenye chipu za AMD. Kwa hilo ilitozwa faini upya mwaka 2023, euro milioni 376. Kumpunguzia mteja bei kunaweza kuwa biashara tu. Kumlipa ili bidhaa ya mwenzako isifike dukani, hapana. Yote mawili yalikuwa ndani ya faili moja, na sisi tulitaka jibu moja.

Kinachonikera ni kwamba kungoja humfaa mwenye nguvu. Mdogo anaweza kufilisika kesi ikiwa bado inaahirishwa. Kwa hiyo ninachokingojea ni hukumu ya hatia tu. Sharti linalowafunga watu linaweza kuondolewa mapema. Kenya iliwezekana: Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika kwa mamlaka ya ushindani, Safaricom iliwaruhusu mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine pia. Wakala hakulazimika kusubiri miaka 15.