Uzururaji, Brixton mpaka Kirumba

Nimeishi London miaka 11. Polisi wamenisimamisha na kunipekua mara nne, na hawajanikuta na kitu hata mara moja. Mara ya mwisho askari aliniandikia karatasi: saa, mahali, sababu ya kunishuku, na asili yangu kama nilivyoitaja mwenyewe. Inauma kuisoma. Lakini ninayo, na takwimu za upekuzi hutangazwa kila mwaka kwa kufuata asili ya mtu, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba weusi tunajisingizia.

Ndugu zangu wa Mwanza huniambia: rudi nyumbani, huku wote rangi moja. Natamani ingekuwa hivyo tu.

Mwaka 2016 mdogo wangu alikuwa akiteremka kutoka Kitangiri saa kumi alfajiri, anawahi mwaloni Kirumba, boti za samaki zinapotia nanga, kupokea dagaa. Polisi wakamwambia apande gari. Kosa lake uzururaji. Alikaa mahabusu siku mbili, mama akauza magunia mawili ya dagaa ndipo akatoka. Karatasi hakupewa yoyote. Waliopita na magari yao saa ileile hawakuulizwa wanakwenda wapi.

Kilichonishtua nilikisoma huku ugenini. Uingereza ilitunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, na polisi walitumia kipengele chake kimoja kukamata vijana weusi kwa kuwashuku tu. Ghasia za Brixton, mtaa wa hapa London, zikalipuka Aprili 1981, na mwaka huohuo Bunge lao likakifuta kipengele hicho. Sisi mkoloni alituachia mawazo yaleyale kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, na uhuru ukatukuta navyo tukaendelea navyo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapohapo Arusha, ilisema sheria za namna hii zinavunja haki za watu. Ni sheria za ukoo mmoja: huku zilitazama ngozi, kwetu zikatazama viatu.

Ibara ya 107A ya Katiba yetu inazitaka mahakama zitende haki “bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi”. Nayapenda sana maneno hayo. Ila hakimu humwona aliyefikishwa mbele yake, na mdogo wangu hakufikishwa. Upendeleo uliishia kituoni. Ndiyo maana naidai ile karatasi: askari akimsimamisha mtu Igoma au Mabatini kwetu Mwanza, aandike sababu na nakala amwachie.

Mdogo wangu bado anakwenda mwaloni alfajiri. Siku hizi hubeba ndoo mbili tupu, aonekane ana kazi.