Bolti kukatikia ndani ya injini

Katika kufumua injini ya gari la zamani, hakuna kinachoudhi kama bolti ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) kukatikia ndani ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini. Spana inalainika ghafla, kichwa cha bolti kinabaki mkononi. Joto na kutu vya miaka vimeigandisha, na mafuta ya kulegezea yanataka saa 24, si dakika 5! Halafu mtu anakimbilia drili bila kupiga alama katikati. Ncha inateleza, inakula uzi wa tundu la hedi. Kama kipande kimechomoza, chomelea nati juu yake, acha ipoe kidogo, zungusha taratibu mbele na nyuma. Ekstrakta nyembamba (kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika) ikikatikia humo ndiyo balaa kabisa: chuma chake ni kigumu, drili ya kawaida haiikwaruzi.