Debian na faimuwea iliyofungwa: nani alikuwa anaadhibiwa?

Aliyewahi kuweka Debian, mfumo endeshi wa Linux, kwenye laptopu ya mtumba kabla ya 2023 anaikumbuka ile skrini. Kazi inakwenda vizuri, ghafla inasimama: linatakiwa faili la iwlwifi ili kadi ya waifai ya Intel ifanye kazi, uliweke kwenye flashi. Faili lenyewe liko intaneti, na intaneti bila waifai utaipataje? Wengine tuliokolewa na simu iliyochomekwa kwa kebo, bando likateketea.

Haukuwa uzembe. Chipu nyingi, kila kompyuta inapowashwa, husubiri kupakiwa faimuwea, yaani programu ndogo ya kuziendesha. Intel inaruhusu faimuwea ya waifai yake isambazwe, ila msimbo wake, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, haitoi. Debian nayo iliahidi tangu 1997, katika mkataba wake wa kijamii, kwamba mfumo wake utabaki huria, yaani wenye msimbo ulio wazi kwa wote. Kwa hiyo faili hizo zilitengwa. Diski za kuwekea mfumo zenye faimuwea zilikuwepo, lakini zikiitwa "zisizo rasmi", na mgeni angejuaje kuzitafuta?

Oktoba 2022 wasanidi walipiga kura, mkataba ukarekebishwa, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka na faimuwea ndani ya diski rasmi.

Waliopinga wana hoja nzito. Faimuwea iliyofungwa haikaguliki, na siku kampuni ikiitelekeza chipu, kasoro zake hazina fundi. Tena, ukishampa mtengenezaji kila anachotaka, ana haja gani ya kufungua msimbo? Inawezekana kufungua: faimuwea ya kadi za USB za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k_htc ilitolewa na msimbo wake.

Hapo kwenye kuishinikiza kampuni kwa kuinyima faimuwea yake nafasi ndipo ninapoachana nao. Kampuni ilishauza chipu yake zamani. Aliyekosa waifai ni mtu wa tatu kuimiliki ile laptopu. Halafu kuna kichekesho: faimuwea ileile ikichomwa ndani ya chipu kiwandani, kadi inapita bila kuulizwa chochote. Ile inayopakiwa kwenye kuwasha, ambayo angalau inaweza kurekebishwa baadaye, ndiyo iliyofungiwa mlango.

Madhara hayakuishia kwenye waifai. Spectre, kasoro ya usalama ya prosesa, ilipotangazwa Januari 2018, sehemu ya tiba ilikuwa mikrokodi mpya, yaani faimuwea ya prosesa yenyewe, na ya Intel ilikaa kwenye hazina isiyo huria. Mfuata kanuni asiyepata BIOS mpya (programu ya kuwashia kompyuta, inayoweza kuja na mikrokodi hiyo) alibaki na tundu lake. Asiyeona anayeweka mfumo kwa kusomewa skrini alikuwa na shida kubwa zaidi: kwenye baadhi ya laptopu, hata sauti haitoki bila faimuwea.

Leo, asiyetaka faimuwea hiyo anaweza kuandika firmware=never kwenye mstari wa kuwashia, na kisakinishi hakitaigusa. Kwa anayeikubali, faimuwea imepewa hazina yake, non-free-firmware, mbali na programu nyingine zilizofungwa. Ukifungua orodha ya vifurushi unaiona moja kwa moja, kwa jina.