Piano Isiyomsubiri Mtu

Mwaka 1976 Michael Tilson Thomas, kiongozi wa okestra kutoka Marekani, alirekodi Rhapsody in Blue, utunzi wa George Gershwin wa piano na okestra, pamoja na Columbia Jazz Band, na mpiga piano alikuwa Gershwin huyohuyo, aliyefariki mwaka 1937. Sauti ya piano ilitoka kwenye gombo la karatasi lenye matundu, ambalo Gershwin mwenyewe alilipigia mwaka 1925. Kadiri ninavyoisikiliza rekodi hiyo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi ya namna hii inastahili kuendelezwa, ila msikilizaji aambiwe ukweli wote kuhusu anachokisikia.

Karatasi husafiri ikipita juu ya upau wa shaba wenye safu ya vitundu, na tundu la karatasi likikutana na kitundu cha shaba, hewa hupenya, mvukuto mdogo hunywea, na noti hulia pasipo kidole. Gershwin alikuwa amezipiga katika gombo lile hata sehemu za okestra, kwa hiyo ilibidi matundu ya sehemu hizo yazibwe, ibaki piano peke yake. Kazi hiyo ndiyo inayonigusa kuliko yote: kuinamia karatasi na kuamua, tundu kwa tundu, lipi ni la piano na lipi waachiwe wapulizaji walio hai.

Matokeo yake ni mwendo wa kasi ambao wengi wetu hatukuuzoea. Tumezoea Rhapsody iliyolainishwa, yenye kujivuta kwenye nyimbo zake tamu, ilhali Gershwin wa kwenye gombo hapungi upepo njiani, na wanamuziki wanalazimika kukaza mwendo ili wasiachwe. Napenda sana kumsikia kiongozi wa okestra akikubali kuongozwa.

Hata hivyo, siwezi kukubali matangazo yanayosema kwamba marehemu amerudi jukwaani. Katika Duo-Art, mfumo wa kampuni ya Aeolian uliotumika kutengeneza gombo lile, wahariri walishiriki kupanga kupanda na kushuka kwa sauti, noti zilizoteleza zilirekebishwa, na kasi ya karatasi hutegemea namba iliyochapwa kwenye gombo pamoja na uzima wa mashine inayolizungusha. Tunachokisikia ni Gershwin aliyepitia mikononi mwa watu kadhaa, na watu hao wanastahili kutajwa kwenye kijitabu cha onyesho.

Hoja nzito zaidi dhidi ya jambo hili ni kwamba gombo halisikii. Tarehe 14 Juni 1912, katika ukumbi wa Queen's Hall jijini London, London Symphony Orchestra chini ya Arthur Nikisch ilipiga koncheto (utunzi wa piano na okestra) ya mtunzi Mnorwe Edvard Grieg pamoja na pianola, yaani mashine ya kupiga piano kwa gombo, lakini pianola ile iliendeshwa na Easthope Martin, mtu mwenye masikio, aliyeweza kuchelewesha au kuharakisha mwendo kwa mkono wake. Gombo la Duo-Art la mpiga piano Percy Grainger lilipotumika katika koncheto hiyo hiyo kwenye Proms, tamasha la muziki la London, mwaka 1988, mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa fundi anaweza kuisimamisha karatasi okestra inapopiga peke yake, lakini Grainger akishaanza hasubiri mtu. Mzigo wote wa kusikiliza unabaki kwa walio hai.

Mimi naona mzigo huo unabebeka, tena kwa Grainger una thamani ya pekee, kwani alikaa na Grieg nyumbani kwake Troldhaugen katika kiangazi cha 1907, wiki chache kabla mtunzi huyo hajafariki, wakaipitia koncheto hiyo pamoja. Piano inapofika kwenye sehemu yake ya peke yake mwishoni mwa mgawanyo wa kwanza wa koncheto, okestra nzima hunyamaza, na kiongozi hubaki ameinua fimbo, akizihesabu noti za mtu asiyeweza kumtazama, ili wenzake waingie palepale alipowaachia nafasi.