Mwacheni binti aulize

Kuna binti wa kidato cha tatu huku kwetu Mbagala anaandikia gazeti la ukutani la shule yao, na wiki iliyopita karatasi yake imebanduliwa. Kisa? Alifuatilia ule uvumi wa Noah nyeusi inayoteka watoto.

Mtaani kila mtu alikuwa nao, wazazi wakaanza kusindikiza watoto mpaka getini, na kijiweni bodaboda walishakubaliana ikionekana tu ni mawe. Binti kachukua daftari akawa anauliza swali moja, umeona kwa macho yako au umeambiwa? Bodaboda kaambiwa na mkewe, mkewe kasikia kwa mama wa maandazi, mama wa maandazi naye katumiwa voisi kwenye grupu la vikoba, na ile voisi imeshasambazwa mara nyingi, anayeongea anasema "hapa kwetu" mwanzo mwisho hataji hata jina la mtaa. Akaenda serikali ya mtaa, hakuna mzazi aliyeripoti kupotelewa na mtoto. Na Noah ipo kweli, ni ya baba mmoja anayefuata wanawe shule, sasa piga picha wale vijana wa mawe wangemkuta na watoto wanalia siti ya nyuma.

Huo ndio uandishi wa habari jamani. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa, jini lililodaiwa kuvamia watu usiku, ulipoikumba Zanzibar watu walikesha nje kwa hofu, na kuna waliopigwa kwa kushukiwa tu.

Mwalimu anasema binti ataiponza shule, eti Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ni kali. Ni kali kweli, ilipotungwa iliweka kwa taarifa za uongo faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, ila mbona inaongelea mtandao na uongo, na huyu kaandika ukutani, tena kitu alichokihakikisha kwa miguu yake? Waliofowadi voisi hakuna aliyeitwa ofisini.

Kuna sehemu moja namuunga mkono mwalimu, namba ya gari haikutakiwa kuandikwa, yule baba ana watoto. Lakini hiyo ni ya kufuta kwa kalamu, karatasi ikabaki.

Mwalimu wangu, nakuomba kwa heshima, irudishe pale ubaoni, na kama una la kumjibu andika ubandike pembeni yake, sisi wazazi tutasoma zote mbili.