Bata Mzinga Hahitaji Mayonesi

Hivi karibuni niliagiza mgahawani chapati ya kukunja yenye nyama ya bata mzinga, ile inayouzwa kwa jina la chakula chepesi cha Kimeksiko, nikaletewa vipande vya nyama ya kusindikwa yenye chumvi kali, vimezama katika mayonesi na jibini. Sikuona wepesi wake, wala sikuionja Meksiko humo. Tangu siku hiyo naitengeneza mwenyewe nyumbani, na nimefikia kuamini kwamba wanaoisaidia nyama hii kwa mafuta, kwa hofu ya ukavu wake, wameisahau nchi alikotoka ndege mwenyewe.

Bata mzinga ni ndege wa Meksiko. Wenyeji wa huko walimfuga karne nyingi kabla ya mvamizi wa Kihispania Hernán Cortés kuwasili mwaka 1519, na jina la ndege huyo kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, yaani huexolotl, ndilo lililozaa neno guajolote linalotumika huko hadi leo. Katika rasi ya Yucatán nyama yake huchambuliwa na kuwekwa juu ya tortilla, yaani chapati za Kimeksiko, ndogo ziitwazo salbutes na panuchos, pamoja na nyanya, parachichi na vitunguu vyekundu vilivyolowekwa katika maji ya danzi. Ukavu wa nyama huondolewa kwa uchachu wa danzi na ulaini wa parachichi, na mlaji haoni pengo lolote la kujazwa na mayonesi. Kweli, tortilla hizo hukaangwa katika mafuta mengi, na hapo ndipo ninapoachana na wapishi wa Yucatán.

Viungo vyenyewe si vigeni kwetu sote. Wekundu wa mchanganyiko wao uitwao recado rojo hutoka katika mbegu za mti ambao Unguja tunauita mzingefuri, na mti huo asili yake ni Amerika ya kitropiki. Danzi nalo, ambalo wengi wetu tunaliacha lioze chini ya mti kwa sababu ya ukali wake, lilifikishwa Meksiko na Wahispania na likawa roho ya mapishi ya Yucatán.

Kwa chapati sita natumia nusu kilo ya kidari kisicho na ngozi. Nakichemsha kwa moto mdogo pamoja na kitunguu maji, kitunguu saumu na chumvi kidogo, maji yakitokota taratibu tu, kwa sababu moto mkali ndio unaokigeuza kidari kuwa nyuzi kavu. Mwenye kipimajoto na ahakikishe katikati ya nyama pamefika nyuzi 74 za Selsiasi. Kisha nazima moto, naiacha nyama ipoe ndani ya supu yake, naichambua kwa mikono na kuichanganya na mzingefuri uliosagwa, bizari nyembamba, pilipili manga, maji ya danzi na vijiko vichache vya supu ile ile. Asiye na danzi achanganye maji ya ndimu na ya chungwa. Vitunguu vyekundu navikata vyembamba, navimwagia maji ya moto, navichuja, kisha navitia maji ya danzi na chumvi kwa nusu saa hivi.

Kuhusu chapati, watu huniuliza kwa nini situmii unga wa mahindi. Unga wa tortilla hutokana na mahindi yaliyochemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa, na chokaa hiyo ndiyo inayofanya kinyunya kishikamane. Sembe yetu, nzuri kwa ugali, itapasuka mara tu unapoikunja. Natumia ngano bila kuona haya, kwa kuwa kaskazini mwa Meksiko, hasa Sonora, tortilla ya ngano ni chakula cha kila siku. Gramu 250 za unga, kijiko kimoja cha mafuta na maji ya uvuguvugu zinatosha. Nasukuma nyembamba kuliko chapati ya kawaida na kuchoma kwenye chuma kikavu, kisha nazifunika kwa kitambaa ili zisikakamae. Kila moja, pamoja na nyama yake na vipande viwili vitatu vya parachichi, haifikii kalori 400 kwa hesabu yangu.

Nyama ya kusindikwa ndiyo nisiyoikubali kabisa, hata kwa haraka za asubuhi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na Meksiko yenyewe tangu mwaka 2020 inabandika alama nyeusi ya pembe nane kwenye vyakula vya pakiti vilivyozidisha chumvi. Anayetaka wepesi wa haraka achemshe kidari jioni na kukihifadhi kwenye jokofu kikiwa ndani ya supu yake. Asubuhi atakikuta laini, na vitunguu vya danzi vitakuwa vimeiva zaidi kuliko vilivyokuwa jana.