Bingwa Mwachieni Oktoba, Mimi Nipeni Idadi ya Ushindi

Kila mwaka ikikaribia mwisho wa Machi, wachambuzi wa besiboli Marekani huanza kugawa vyeo kabla mpira haujarushwa: huyu atabeba World Series, yaani fainali ya ubingwa, yule atashika mkia, fulani ndiye mrushaji bora wa msimu, yaani anayewarushia wapigaji wa upande wa pili mpira. Nasoma karibu kila kitu wanachoandika na sichoki. Ugomvi wangu nao ni mmoja tu, kwamba wanaanza na swali ambalo halina jibu. Bingwa hatabiriki. Kinachotabirika ni timu itashinda mechi ngapi, na hilo linatabirika vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Siri iko kwenye urefu wa msimu. Sisi tuliozoea Ligi Kuu ya Bara tunahesabu mechi 30 kwa kila timu. Kule kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani timu ni 30 na kila moja inacheza mechi 162, karibu kila siku, kwa miezi sita. Kwa kawaida timu nzuri sana itapoteza kama 60 na timu dhaifu itashinda kama 60. Ndiyo maana ukiona wakubwa wamepigwa mechi nne mfululizo mwezi wa tano, usianze kutandika jamvi la msiba.

Bahati inachujwa kwenye wingi huo, ila haiishi. Chukua timu ya kawaida kabisa, ambayo kila mechi kwake ni kama kurusha shilingi. Wastani wake ni ushindi 81. Piga hesabu ya mirusho 162 utaona kwamba bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha kwa mechi sita hivi, bila mtu kuumia na bila kocha kuboronga. Kwa hiyo mchambuzi aliyesema 88 timu ikamaliza na 83 hajakosea kitu. Tatizo ni kwamba mechi hizo tano mara nyingi ndizo zinazoamua nani anaingia mtoano na nani anakwenda kuvua samaki.

Waulizeni New York Mets. Desemba 2024 walimsajili Juan Soto kwa dola milioni 765 za miaka 15, na msimu wa 2025 ulipoanza walikuwa vipenzi vya watabiri. Tarehe 12 Juni walikuwa na ushindi 45 na vipigo 24, hakuna aliyekuwa mbele yao ligi nzima. Siku hiyohiyo mrushaji wao Kodai Senga aliruka kudaka pasi kwenye kituo cha kwanza, akatua vibaya, msuli wa nyuma ya paja ukamsaliti. Kuanzia hapo walishinda 38 na kupoteza 55. Soto alifanya kazi yake, alivusha mipira 43 nje ya uzio. Waliokatika ni warushaji, mmoja baada ya mwingine.

Siku ya mwisho ya msimu walikuwa Miami wakihitaji ushindi mmoja, kwani Cincinnati Reds waliokuwa wakigombea nao nafasi walifungwa mchana huohuo. Zamu ya tano kati ya tisa za mchezo, vituo vyote vimejaa wakimbiaji wao, Pete Alonso wa Mets akaupiga mpira kwa nguvu ajabu, moja kwa moja kwenye glovu ya mlinzi. Mets walilala 4-0. Wakamaliza 83 kwa 79 sawasawa na Reds, na Reds wakapita kwa matokeo ya walipokutana. Sentimita chache pembeni, leo tungekuwa tunawasifu kwa ukomavu. Alonso mwenyewe sasa yuko Baltimore.

Basi mtu akitaka kutabiri kwa akili atazame nini? Mimi huanza na mikimbio, yaani alama zile mchezaji anazopata akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Msimamo wa ligi unakuambia nani alishinda, tofauti ya mikimbio inakuambia nani alistahili. Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, aliweka kanuni yake zamani: chukua mikimbio ya timu uizidishe kwa yenyewe, ufanye vivyo hivyo kwa mikimbio iliyoruhusu, kisha gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu linakaribia sana sehemu ya mechi ambazo timu hiyo ingepaswa kushinda. Unaweza kuifanya kwenye kikokotoo cha simu.

Baltimore Orioles wa 2012 ndio mfano ninaoupenda. Walishinda mechi 93 na kuingia mtoano, watu wakasema timu hii ina roho ya paka. Lakini mwaka mzima walikuwa wamewazidi wapinzani kwa mikimbio saba tu. Saba! Kanuni ingewapa ushindi 82. Walikotoa nyingine ni kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja: walishinda 29, wakapoteza 9. Mwaka uliofuata, kwenye mechi za aina hiyohiyo, wakashinda 20 na kupoteza 31. Roho ya paka ilikuwa imehama.

Sisemi kompyuta zina unabii. PECOTA, mfumo wa kompyuta wa kutabiri aliouanzisha mtakwimu Nate Silver, uliwapa Kansas City Royals ushindi 72 kabla ya msimu wa 2015. Wakashinda 95 na kombe juu. Na hakuna mfumo wa kujua kiwiko cha nani kitachanika. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kiwiko mwaka 1974, jina la mchezaji huyo limekuwa jina la operesheni, na kila mwaka inakula warushaji wazuri ambao tayari walikuwa wamepigiwa hesabu.

Halafu kuna Oktoba, mwezi wa mtoano, ambako hesabu zote huvuliwa viatu mlangoni. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116 na hawakufika hata fainali, mpaka leo hawajawahi kuifika. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walishinda 111, wakatolewa na San Diego waliokuwa na 89. Mwaka 2025 Milwaukee Brewers, timu isiyo na pesa za kutisha, waliongoza ligi nzima kwa ushindi 97. Katika msimu wa kawaida walikuwa wamewafunga Dodgers mara sita kati ya sita. Kwenye mtoano Dodgers hao wakawafagia nne bila.

Fainali yenyewe ya 2025, Dodgers na Toronto, niliikesha. Huku kwetu mechi zilianza saa tisa usiku, na ile ya saba iliisha Jumapili kumeshakucha. Zamu ya tisa Toronto Blue Jays walikuwa mbele, wamebakiza kuwatoa wapigaji wawili tu wabebe kombe. Akaja Miguel Rojas wa Dodgers, mtu anayepangwa kwa ajili ya ulinzi, wa mwisho kwenye orodha ya wapigaji, akauvusha mpira uzio na kusawazisha. Toronto nao wakajaza vituo, mkimbiaji wao akatolewa kwenye mlango wa nyumbani kwa tofauti ya unyayo. Mchezo ukapita zamu tisa za kawaida, na zamu ya 11 Will Smith wa Dodgers akauvusha mpira wa ushindi, Dodgers wakabeba kombe 5-4. Toronto hao hao mwaka mmoja kabla walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao, ushindi 74. Nani alitabiri lolote kati ya hayo? Wanaobeti wanajua mikeka mingapi ilichanika asubuhi ile.

Haya, na mimi niweke zangu za 2026. Dodgers watapita 90 na kuongoza kundi lao, maana wanaweza kupoteza warushaji wanne na bado wakabaki na warushaji. Kombe la tatu mfululizo, ambalo mara ya mwisho lilibebwa na Yankees wa 1998 hadi 2000, nawapa nafasi moja kati ya nne, na hiyo kwangu ni kubwa sana. Brewers watadharauliwa tena na watazidi 85. Toronto watashuka kidogo bila kuwa wabaya. Pittsburgh wana Paul Skenes, mrushaji bora wa 2025 katika National League, moja ya nusu mbili za ligi hiyo, ambaye kwa kiwango hicho chote alimaliza na ushindi 10 na vipigo 10 kwa sababu wenzake hawapigi mpira. Siwapi zaidi ya 80 mpaka wapatikane wa kupiga.

Colorado Rockies ndio rahisi. Walipoteza mechi 119 mwaka 2025 na kuzidiwa kwa mikimbio 424. Uwanja wao uko Denver, juu karibu kama Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali, hivyo hakuna mrushaji mwenye jina anayekimbilia kwenda kuishi huko. Timu iliyoanguka hivyo hupanda kidogo mwaka unaofuata hata isipofanya lolote. Chicago White Sox walipoteza 121 mwaka 2024, kisha 102. Rockies nawaandikia vipigo 105, na atakayekataa tuwekeane soda.